Mkonga unakata krosi ya propela ya nyuma, hii mara ya tatu. Wakuu nisaidieni

Mkonga_wa_Mbezi:
Wakuu habari zenu, naomba msaada maana nshachoka na fundi wangu nae kachoka. Nina Land Cruiser mkonga, HZJ78, injini 1HZ. Mwaka jana niliinyanyua kama inchi 4, nyuma tukaongeza pleti za springi na vile vyuma vinavyoshika springi kwa nyuma tukaweka virefu, tairi nikatoa 7.50 nikafunga za inchi 35. Tangu hapo krosi (kile kiungo cha msalaba) ya propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, imekatika mara tatu. Ya kwanza mchanga wa Kimbiji, nikasema sawa nilikanyaga mafuta vibaya. Ya pili njia ya Kibiti kwenda Mloka, tope la Rufiji mnalijua, nikafungua propela nikaitupa nyuma, nikafunga habu za mbele nikaweka foo wili nikarudi na tairi za mbele peke yake. Ya tatu ndo imeniuma, imekatikia Mandela Road kwenye lami, gari tupu, natoka tu kwenye taa za Buguruni. Halafu inatetemeka, inaanza 70, ikifika 80 mpaka kioo cha ndani huoni kitu, ukiachia mafuta mtetemo unabadilika. Krosi naweka orijino, propela imefanyiwa balansi mara mbili. Fundi anasema tutafute propela nene ya lori tuichomelee. Mnasemaje?

babaNasra:
Pole mkuu. Siku hizi hata hiyo unayoambiwa orijino ni boksi tu ndo orijino

Spana_Mkononi:
Usiweke propela ya lori. Ukiweka nene krosi haitakatika, ni kweli, kitakachokatika ni meno ya difu au beringi za transfa (ile giaboksi ndogo ya foo wili) na hapo utauza kiwanja. Maswali: krosi inayokatika ni ya upande wa difu au upande wa transfa? Ukiitoa, vile vikombe vya krosi ndani kuna mistari mistari kama imechorwa na msumari? Na kuna kabari kati ya springi na ekseli?

Mkonga_wa_Mbezi:
Zote tatu za upande wa transfa, ya difu haijawahi kuguswa. Mistari ipo, fundi alisema grisi haikufika. Kabari zipo ndio, za chuma, umejuaje? Fundi aliziweka pua ya difu (pale propela inapofungwa) itazame juu ielekee transfa, alisema ndo inavyotakiwa gari ikinyanyuliwa, aliona kwenye video.

Spana_Mkononi:
Hapo hapo ndo ugonjwa ulipo mkuu. Hiyo video haikudanganya ila ni ya propela nyingine, zile zenye krosi mbili zimeunganishwa pamoja upande wa transfa, hizo ndo pua ya difu inatakiwa iitazame transfa. Yako ni ya kawaida, krosi moja juu moja chini. Krosi moja ikiwa imepinda haizungushi kwa mwendo mmoja, kila mzunguko inakimbia mara mbili na kuchelewa mara mbili, ya pili kazi yake ni kufuta hilo kosa, na inaweza tu kama zote zimepinda kwa digrii sawa, yani pua ya difu na ulimi wa transfa (pale propela inapoanzia) viende sambamba. Ukiiinua pua ya difu umeinyoosha krosi ya chini, mzigo wote umemwachia wa juu. Piga hesabu, uwiano wa difu kama ni 4.1, na hizo tairi ukiwa 80 propela inazunguka karibu mara 2,000 kwa dakika, hayo makofi ni 4,000. Balansi haiwezi kutibu hiyo, propela yenyewe haina kosa.

Paki kwenye saruji iliyolala, gari isimame kwa tairi zake, usipige jeki chini ya chesisi maana ekseli itaning'inia na vipimo vyote ni uongo. Chukua simu, programu ya kupima mlalo, iweke kwenye flenji ya transfa, kwenye propela yenyewe, na kwenye flenji ya difu. Leta namba tatu. Na angalia masikio ya propela yanayoshika krosi, ya juu na ya chini, yamekaa mstari mmoja, mafundi wakishaichomoa kupaka grisi wanairudisha kokote inakoingia.

Kigamboni4x4:
Na foo wili usiweke kwenye lami, hiyo haina difu ya katikati, inajisokota mpaka kitu kiachie

Mkonga_wa_Mbezi:
Lami siweki. Nimepima jana jioni nikiwa nimelala chini ya gari majirani wanauliza kama niko salama. Transfa 3, propela 12, difu 9. Masikio yako mstari mmoja.

Spana_Mkononi:
12 toa 3 ni 9 juu, 12 toa 9 ni 3 chini. 9 kwa 3, itaacha kukatika kweli? Toa kabari, halafu rudisha vile vyuma vya springi vya zamani maana virefu navyo vinaigeuza pua ya difu kwenda juu, gari itashuka kidogo vumilia. Ukimaliza pima tena.

babaNasra:
Sasa kunyanyua kote huko ashushe tena 😂

Mkonga_wa_Mbezi:
Mrejesho wakuu. Kabari nje, vyuma vya zamani ndani, nyuma imeshuka kama inchi moja na nusu, roho imeuma ila basi. Namba sasa transfa 3, propela 10, difu 3, kwahiyo 7 kwa 7. Krosi mpya zote mbili, grisi nimesukuma mpaka ikatoka vikombe vyote vinne vya kila krosi. Juzi nimeenda nayo Kibaha na kurudi, kwenye 80 imetulia kabisa, 100 kuna kamtetemo kwa mbali, nadhani ni tairi. Mloka bado sijaenda.

Kigamboni4x4:
Mkuu hizo kabari unauza? Mimi yangu ndo ile ya krosi mbili juu