Uigizaji wa ngazi ya juu chuoni: naambiwa "unaonyesha hasira tu". Nibadilishe nini?

Mwanaukumbi

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, shahada ya sanaa za maonyesho. Muhula huu tuna kozi ya uigizaji wa ngazi ya juu na mtihani wake ni wa vitendo: monolojia (hotuba ya mwigizaji mmoja) ya dakika 3 na tukio la watu wawili la dakika 8. Monolojia niliyochagua ni hotuba ya Antoni kwenye mazishi katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Tukio la watu wawili ni la dada na kaka wanaovutana kuhusu kiwanja cha familia. Hilo tumeliandika wenyewe darasani.

Mistari imeshakaa kichwani. Kinachonikwamisha ni maoni yaleyale kila zoezi: "Unaonyesha hasira, humfanyi mwenzako chochote." Naomba mnielekeze hatua kwa hatua, mswada unaandaliwaje ili nisiishie kuonyesha hisia? Halafu lile zoezi la kurudiarudia la Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, tukilifanya kwa Kiswahili linageuka kukariri. Kosa liko wapi? Kwenye hotuba kuna mahali mzungumzaji anazidiwa na majonzi, na wenzangu wanashauri nikumbuke msiba wangu wa kweli. Na ukumbi wetu uko wazi pande mbili, una mafeni yanayovuma, hilo nalo nisaidieni.

Kalamu ya Risasi

Mdogo wangu, umeambiwa jambo la kweli. Hasira ni matokeo. Ukiilenga yenyewe, shingo na taya vinakaza, sauti inapanda, na macho hayamwoni tena mtu aliye mbele yako. Mtazamaji anaona mtu aliyekasirika, basi. Hana cha kufuatilia.

Anza na karatasi. Chapa upya tukio lenu, maneno upande wa kushoto, upande wa kulia uwe mtupu. Soma ukitafuta mambo ya hakika tu: nani, wapi, saa ngapi, nini kimetokea dakika moja kabla ya mstari wa kwanza, nani anamdai nani. Andika yale mswada unayothibitisha, usiongeze ya kwako. Wengi hutunga historia ndefu ya utoto wa mhusika na kusahau kwamba ukurasa wa pili unasema mama yuko njiani anarudi. Hilo la mama ndilo linaloendesha tukio zima.

Kisha lengo. Litamke kama kitu unachokitaka kutoka kwa mwenzako, ambacho ukikipata utakiona kwa macho. "Nataka aniheshimu" ni pana mno, huwezi kujua saa ngapi umelipata. "Nataka aweke saini kabla mama hajaingia" linachezeka, kwa sababu kuna kalamu, kuna karatasi, kuna mlango.

Baada ya hapo kata tukio vipande, yaani biti. Biti inabadilika pale habari mpya inapoingia au mbinu ya kwanza inapogonga mwamba. Tukio la dakika 8 kwa kawaida lina biti sita hadi kumi. Ukijikuta na ishirini na tano, umekata kwa kufuata sentensi, hukufuata mabadiliko.

Sasa kila biti ipe kitenzi. Kipimo changu ni rahisi: kitenzi lazima kiwe na mtu wa kukipokea. Ninamtisha, ninambembeleza, ninamwaibisha, ninamchelewesha, ninamnasa. Hivyo vinakubalika. "Ninakasirika", "ninahuzunika", "ninachanganyikiwa", futa vyote, havimgusi mtu. Futa pia vitenzi vya kitaaluma kama "ninamchambua", mwili haujui kuvifanya.

Chukua mstari mmoja wa kawaida, dada anamwambia kaka: "Chai yako inapoa." Useme kwa kitenzi "ninamfukuza": kikombe kinasogezwa mbele yake haraka, macho yanakwenda mlangoni, neno "inapoa" linakatwa fupi. Useme kwa "ninamchelewesha": mkono unakwenda kwenye birika, unamwongezea kabla hajakubali, sauti inashuka. Useme kwa "ninamwaibisha", kuna jirani amekaa pembeni: "yako" ndiyo inabeba uzito, na unamtazama jirani, humtazami kaka. Maneno hayakubadilika hata moja. Hapo hakuna aliyekuomba hasira, lakini kwenye lile la kwanza hasira itakuja yenyewe.

Linaloharibu hatua hii ni kucheza kitenzi mpaka mwisho bila kuangalia kama kimempata. Kaka akishainamisha kichwa, umemtisha tayari. Ukiendelea kumtisha unaigiza peke yako. Kitenzi kinachofuata kitoke kwenye alichofanya yeye.

Na msikae mezani muda mrefu. Stanislavski mwenyewe, yule mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Urusi, aliyeanza na wiki nyingi za kuchambua maandishi mezani, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1938 aliwainua waigizaji mapema ili wautafute mswada kwa vitendo vya mwili. Someni mara mbili au tatu, simameni, fanyeni tukio zima kwa maneno yenu wenyewe. Pale ambapo mikono inakosa kazi, ndipo ambapo mswada haujaeleweka. Wekeni alama, mrudi mezani kwa ajili ya sehemu hiyo tu.

Kengele ya Tatu

Nijibu la Meisner, maana hili naliona likikosewa vyuo vingi.

Kaeni mkitazamana, mita moja na nusu hivi. Mmoja anataja kitu anachokiona kweli kwa mwenzake. Mwenzake anarudia alichosikia. Shida ya Kiswahili ni kwamba nafsi imo ndani ya kitenzi: "Umevaa shati la bluu" inarudi "Nimevaa shati la bluu." Kwa anayeanza, akili inakimbilia kugeuza kitenzi na inaacha kumtazama mtu. Hapo ndipo kukariri kunapozaliwa. Kwa hiyo siku za mwanzo tumieni vifungu visivyo na nafsi: "Shati la bluu." "Shati la bluu." "Shati la bluu." Kama yalivyo, bila kupamba. Mkizoea kusikilizana, ndipo muingize "umevaa, nimevaa".

Maneno yanabadilika pale tu kitu kinapotokea. Akitabasamu: "Umetabasamu." "Nimetabasamu." Msibadilishe kwa sababu mmechoka wala ili mchekeshe darasa. Maswali nayo yanaua zoezi, linageuka mahojiano. Raundi moja dakika tano hadi saba inatosha.

Kikwazo kingine ni heshima. Mwanafunzi mdogo hawezi kumwambia kaka mkubwa wa darasa "Umeudhika" na kumkazia macho, atatafuta neno la kupoza. Anzeni na wa rika moja, na mkubaliane mapema kwamba kinachosemwa kwenye zoezi kinabaki kwenye zoezi.

Hatua inayofuata ni kumpa mmoja kazi ngumu ya mikono: kushona kifungo, kuunganisha barua iliyochanwa, kutunga shanga ndogo. Iwe ngumu kweli, iwe na sababu na iwe na muda wa kuisha. Mwenzake anaingia, marudio yanaanza. Kazi inamzuia kupanga atakavyoitikia. Mkitoka hapo, chukueni tukio la kiwanja mlipitie kwa sauti bapa kabisa, bila hisia iliyopangwa, kila mmoja akiruhusu sauti ibadilike tu pale mwenzake anapomgusa. Mtashangaa mstari gani unaamka.

Mkaa Pembeni

Kuhusu kilio, nitawatetea wenzako kidogo. Kumbukumbu ya hisia ni mbinu yenye miaka mingi, mwalimu wa uigizaji Lee Strasberg aliifundisha New York kwa miaka mingi. Lakini haifanywi kwa kusema "nitakumbuka msiba". Huikumbuki huzuni, unakumbuka vitu: mkeka chini ya viganja, harufu ya udi, mwanga uliokuwa unaingia dirishani. Hisia inafuata vitu hivyo. Na Strasberg alishauri tukio liwe la miaka saba nyuma au zaidi. Msiba wa mwaka jana usiuguse, hutaweza kuuzima ukishauwasha.

Ukimaliza zoezi la namna hii, jivue mhusika: tikisa mikono na miguu, taja jina lako na tarehe ya leo, kunywa maji, ongea na mtu kuhusu jambo jingine kabisa. Msimwache mwenzenu akaondoka ukumbini bado yuko kule.

Kalamu ya Risasi

Nakubaliana nawe kwenye tahadhari, ndugu yangu, ila kwa mtihani huu nisingemshauri. Mwigizaji wa Marekani Stella Adler alikutana na Stanislavski Paris mwaka 1934, akarudi kwao akiwaambia wenzake wa Group Theatre, kundi la maigizo la New York, kwamba uzito uwe kwenye mazingira ya mhusika na vitendo vyake, wasiyategemee makovu yao binafsi. Kuna sababu ya kiufundi pia: anayelia kweli koo linafunga, na mistari inapotea. Umakini nao unahamia ndani, wakati mzungumzaji huyu ana umati mbele yake.

Tazama hali yenyewe. Amepewa ruhusa ya kusema na haohao waliomuua Kaizari, kwa sharti asiwalaumu. Kwa hiyo anawasifu kuwa ni waheshimiwa, anarudia sifa ileile, na kila ikirudi inazidi kuoza. Kila marudio yape kitenzi chake: la kwanza ninawatuliza, la pili ninawatia shaka, la tatu ninawachokoza, la nne ninawaaibisha kwa kunyamaza kwao. Wanaoharibu hotuba hii huanza na kejeli kwenye marudio ya kwanza, halafu hawana pa kupanda.

Pale anaposema moyo wake uko jenezani na inambidi asubiri, kilio kinafanya kazi: kinawapa watu nafasi ya kunong'onezana. Kwa hiyo cheza kujizuia. Shusha pumzi yote, chelewa kuvuta nyingine, geuka kidogo upande wa jeneza, meza mate, jaribu kuendelea, shindwa. Machozi yakija, sawa. Yasipokuja hakuna atakayeyadai, maana wameona mtu anayepigana nayo.

Ishia hapohapo. Usijaribu kufika kwenye wosia wa Kaizari, dakika 3 haziruhusu. Kwa mwendo wa jukwaani hesabu maneno 250 hadi 300, zaidi ya hapo utaanza kukimbia. Na kwa kuwa tafsiri imeandikwa kwa mistari ya shairi lisilo na vina, usiighani. Fuata wazo mpaka linapoishia, hata kama linavuka mstari.

Binti Ukumbi

Sauti. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na wengi wakishapita hapo wanaiacha silabi ya mwisho idondoke. Kwenye ukumbi wenye feni, safu ya nyuma inapokea sentensi zisizo na mkia. Mwanzo wa kitenzi nao ni wa kulindwa. "Hatuendi" ikimezwa mwanzoni, "aliniambia" na "alimwambia" zikichanganyika, hadhira inapoteza nani kamfanyia nani nini, na tukio lenu la kiwanja lote limesimama juu ya hilo.

Zoezi la kila siku, dakika kumi na tano tu. Lala chali, magoti juu, kiganja chini ya mbavu. Vuta pumzi bila kelele kwa hesabu ya nne, toa kwa "sss" sekunde 15 bila kutetereka, ongeza polepole hadi 25. Kisha "zzz", kisha irabu a, e, i, o, u kwa pumzi moja, kisha mstari mmoja wa mswada. Mabega yakipanda unapovuta pumzi, anza upya. Simama, rudia mstari uleule.

Halafu chora alama za pumzi kwenye mswada. Usivute pumzi kati ya kitenzi na kinachotendwa. Pitia maandishi mara moja ukitamka kwa midomo na ulimi bila sauti kabisa, ukitia chumvi kila konsonanti, kisha mara moja kwa sauti. Mwisho, mwenzako akae safu ya nyuma, feni zikiwa zimewashwa kama siku ya mtihani, anyooshe mkono kila anapopoteza neno. Yapigie mstari maneno hayo na uyashughulikie hayo tu. Kupiga kelele hakusaidii, kunapandisha sauti na kukwaruza koo kabla hujafika dakika ya nne.

Kwenye monolojia usiwakazie macho watahini. Uweke umati juu kidogo ya vichwa vyao, na uwagawe: kundi la kushoto liko upande wako, la kulia bado halijakubali. Utapata wa kufanyia kazi.

Mwanaukumbi

Asanteni sana, nimeshaanza kuchapa mswada upya. Swali moja la nyongeza. Mwenzangu wa tukio anafanya kitu kilekile kila zoezi, hata nikibadilisha kitenzi. Nimwambieje bila kumfundisha kazi yake?

Kengele ya Tatu

Usimwambie kitu, dada au kaka, hiyo ni kazi ya mwongozaji. Badilisha zoezi. Chukueni mpira mdogo, pitieni tukio lote mkirushiana. Anayesema ndiye mwenye mpira, na anaurusha kwenye neno la mwisho la mstari wake, si kabla na si baada. Anayedaka haruhusiwi kusema mpaka mpira utue mikononi. Atalazimika kukutazama ili adake. Rusha kulingana na kitenzi chako: unapomtisha, urushe kwa nguvu. Unapombembeleza, urushe chini chini. Mkishapita mara mbili hivyo, wekeni mpira pembeni na mfanye tukio papo hapo, kabla miili haijasahau.