Kununua ndege ya injini mbili za pistoni, Cessna 421 au Navajo? Niko Malindi

Mwana_Malindi:
Assalam aleikum wanajamvi. Mimi na kaka zangu wawili tuna biashara hapa Malindi na nyumba ya wageni Shela, kila wiki lazima mmoja wetu aende Nairobi, tumechoka kufuata ratiba za watu sasa tunataka ndege yetu, ya familia tu si ya kubeba abiria wa kulipa. Tumeonyeshwa Cessna 421C ya 1979, iko nje ya nchi, kabini ya presha (hewa ndani inashindiliwa mpate kupumua vizuri mkiruka juu), viti vinatazamana, mlango una ngazi yake, picha zinapendeza mno na bei haitishi. Kaka mkubwa yeye anataka Piper Navajo. Mbona ndege nzuri hivi inauzwa rahisi? Anayejua atwambie kabla hatujatuma hela.

Fundi_Bandani:
Waaleikum salaam. Ni rahisi kwa sababu gharama yenyewe inakuja baada ya kununua. Injini za 421C ni GTSIO-520, nguvu za farasi 375 kila moja, na hiyo G ni ya gia, yaani propela inazunguka polepole kuliko krankshafti, ule mhimili wa injini. Ndani kumetulia kweli, ila rubani akikata pawa ghafla wakati wa kushuka, propela ndiyo inaisukuma injini na gia zinaumia, na ovahoo (kuzifungua zote na kuzifanya upya) ya injini mbili hizo inaweza kukaribia bei mliyonunulia ndege. Navajo ya kawaida ina injini za Lycoming za nguvu za farasi 310, haina gia wala presha, ni kazi kidogo kwa fundi. Mimi ningemsikiliza kaka mkubwa.

Na vyovyote mtakavyochagua, mtafute fundi wenu wenyewe aende akaikague, msikubali fundi wa muuzaji. Logbuku, yaani vitabu vya kumbukumbu za matengenezo, zisomwe tangu ndege ilipotoka kiwandani. Kwa Cessna aangalie sana mabomba ya ekzosti nyuma ya turbo, yakitoboka moto unalamba bawa.

Rubani_Amu:
Mwanangu, fundi kasema kweli, mimi naongeza habari ya chumvi ya bahari inavyokula ndege. Niliwahi kwenda kutazama ndege ya injini mbili iliyolala nje miaka pwani, rangi mpya inang'aa, muuzaji anasifu. Tukafungua kifuniko kimoja chini ya bawa, skrubu nne tu, ndani aluminiamu imeota unga mweupe kama wa ngano, ukiusugua kwa kidole chuma kinabanduka magamba. Tuliondoka siku ile ile. Kwa hiyo banda la kuilaza mlipange kwanza, ndege baadaye.

Halafu petroli. Hizi zinakunywa avgasi, ile ya buluu, si Jet A-1, mafuta ya injini za turbini, wanayotia kwenye ndege za Caravan pale uwanja wa Manda, na ukikosea ukatia Jet injini itakufa ukiwa hewani. Ulizeni mapema avgasi mtaipata wapi na kwa bei gani, safari zenu zote zitapangwa na hilo.

La mwisho ni Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, iko juu zaidi ya futi 5,500, mchana wa joto mkiwa mmejaa, injini moja ikizima, uwezo wa kupanda haupungui nusu, unapungua zaidi ya robo tatu. Rubani wenu awe anafanyia mazoezi hilo kila mara.

Mwana_Malindi:
Ahsanteni sana, ami nimekuelewa. Hela hatutumi. Kesho naanza kuuliza habari ya banda na avgasi, na Fundi nakuandikia inbox tuzungumze habari ya kwenda kukagua Navajo.