Mrejesho: Nikon Z9 kwa harusi na mpira, Tanga

Wadau, niliuliza kama mpiga picha wa hapa Tanga anayeishi kwa harusi na mpira aache kamera yake ya Nikon D850 ahamie kamera mpya zaidi, Nikon Z9. Nimeikodi, nimeifanyia kazi, na majibu ninayo.

Ukimya ndio ulionishika. Z9 haina kabisa shata (pazia la kuruhusu mwanga) ya kufunguka na kufunga. Kila kitu ni umeme. Ndoa inafungwa msikitini Ngamiani, shehe anaozesha, nami napiga mfululizo bila mlio. (Mzee mmoja aliniuliza mbona sianzi kazi!) Ila ukumbini, taa za LED na ile skrini kubwa nyuma ya maharusi zilinichorea mistari kwenye picha, mpaka niliposogeza kasi ya shata kidogo kidogo. Dada wa Pangani uliyenitahadharisha, shukrani sana.

Uwanjani Mkwakwani ndiyo usiseme. Picha 20 za RAW (faili ghafi) kwa sekunde, kila moja megapikseli 45.7, na fokasi inang'ang'ania jicho la mshambuliaji hata beki akikatiza mbele. Hapo D850 haifui dafu.

Uzito ni gramu 1,340 bila lenzi, bega linajua. Lenzi zangu za zamani zinaingia kwa adapta ya FTZ, lakini zile za AF-D, zisizo na mota ya fokasi ndani, unafokasi kwa mkono. Na kadi za kumbukumbu za CFexpress, bei yake mh!

Natafuta Z9 iliyotumika, D850 inabaki akiba. Mwenye nayo aniambie, ila niijaribu kwanza kabla ya kuzungumza bei.