Mrejesho: Zile manowari ndogo za mnadani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama sanamu mbili ndogo za manowari (meli za kivita) nilizonunua mnadani hapa Chicago ni za kufundishia wanamaji kutambua meli za adui, au midoli tu. Nilifuata ushauri wa kupima: moja, ambayo ni sanamu ya Bismarck, ina urefu wa sentimita 20.9. Bismarck yenyewe, manowari ya Ujerumani, ilikuwa na mita 251, kwa hiyo ni kipimo cha 1:1200 (meli halisi ni ndefu mara 1200), walichotumia Wamarekani na Waingereza kwa sanamu za kufundishia. Kwa 1:1250 cha Wajerumani ingekuwa 20.1. Raha ilioje!

Ya pili imenishinda. Risasi, yaani ile metali iliyotengenezewa, imeoza, unga mweupe umekula maandishi yote ya chini. Kosa langu: kabati la mwaloni, mvuke wa mbao hiyo huila risasi. Iliyobaki nimeihamishia kwenye kabati la kioo na chuma. Unga huo ni sumu, msiuguse mikono mitupu.