Kwa nini EAC ilishindwa kusimama pamoja kwenye sakata la mitumba?

Kipusa_tz: Wakuu, naomba ufafanuzi. EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) ina ushuru wa pamoja wa forodha. Machi 2016 marais walikubaliana mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019, halafu Rwanda ikabaki peke yake. Ilikuwaje?

Forodhani: Mkuu, ushuru ni wa pamoja, ila AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ilitolewa kwa nchi mojamoja. Mwanya ulikuwa huo. Mwaka 2017 SMART, chama cha wauza nguo kuukuu wa Marekani, kilipeleka malalamiko USTR, ofisi ya mwakilishi wa biashara wa Marekani, kikidai ajira 40,000 ziko hatarini. Sheria ya AGOA ilimtaka mnufaika aondoe vikwazo kwa bidhaa za Marekani, basi mapitio yakafunguliwa. Kenya ilijitoa mapema: viwanda vyake vya EPZ (maeneo maalumu ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje) vilishonea soko la Marekani, na bila AGOA fulana ya pamba ingelipa ushuru wa 16.5%, ya sintetiki 32%. Tanzania na Uganda wakalegeza. Rwanda ikagoma, na Julai 2018 nguo zake zikafutiwa msamaha. Kugoma hakukuwa ghali kwao, maana mauzo yaliyoguswa yalikuwa kama dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Mzani45: Naongeza hesabu. Robota la kilo 45, kwa kiwango cha awali cha dola 0.20 kwa kilo, ni ushuru wa dola 9. Kwa kile kilichofuata cha 0.40 ni 18. Rwanda ilipanda hadi 2.50, yaani dola 112.50, hapo marufuku ya nini tena? Kanuni yenyewe ni 35% ya thamani au kiwango cha uzito, kinachozidi ndicho unacholipa. Uzito uliwekwa kwa sababu ankara za mitumba hushushwa mno: andika robota dola 30, asilimia inatoa 10.50, mzani unakudai 18. Ubaya wake, majirani wakipishana sana viwango, mzigo unahamia njia za panya. Rwanda iliyaona hayo Rusizi na Rubavu, wilaya zake za mpakani na Kongo.

Kipusa_tz: Kwa hiyo jumuiya haina meno kabisa?

Forodhani: Inayo, ila inajing'oa yenyewe. Kila bajeti nchi huomba kibali cha kutotumia kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja. Hutoka kwenye Gazeti la EAC na kuanza 1 Julai. Anayetaka kuwagawa akilisoma hilo anajua nani wa kumbana kwanza. Na hata mitumba ikizuiwa, nguo mpya za bei chee za China zinaingia kabla kiwanda cha hapa hakijapata uzi.