Naomba ushauri: darubini ya gobore la fataki

Wakuu, habari za humu. Niko Pangani, Tanga, naomba mwongozo.

Nataka kufunga darubini kwenye gobore langu la fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na kinyundo na kuwasha baruti). Ni la .50 (tundu la mtutu nusu inchi), mtutu wa pembe nane, kinyundo ubavuni, lina leseni. Ni la nguruwe pori wa mashambani, mita 80 mwisho. Nina darubini ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40), nayo inataka jicho likae kama sentimita 9 tu nyuma ya kioo. Ikifungwa hapo inakizuia kidole kufika kwenye kinyundo, na cheche za fataki zinailamba. Masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu. Kwa hewa yetu hii, kutu haichelewi. Kitako nacho kimelala mno, shavu halipati pa kuegemea.

Nimejaribu reli (kipande cha chuma cha kushikilia darubini) ya kubana kwenye mfereji wa kilengeo cha nyuma. Skrubu zinalegea, ingawa nilizifuta mafuta na kuzipaka gundi.

Fundi anataka kutoboa juu ya chumba cha baruti. Hapo ndipo penye shinikizo kubwa kuliko kote, sitaki.

Je, darubini ya jicho la mbali (inayotazamwa jicho likiwa mbali nayo), 2-7x32, ikikaa mbele ya kinyundo, itatosha kwa mwanga wa alfajiri? Na mnaotumia reli bila kutoboa mtutu, mnaizuiaje isiteleze?