Gari la mama Lushoto: uchakavu umeruka kutoka 15 hadi 30, nifanyeje?

Zuhura (Leicester):

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kwenu.

Nimemwagizia mama Toyota IST kutoka Japan, ile ya toleo la NCP110, imsaidie kwenda kliniki Bombo. Magoti hayamruhusu tena kugombania Coaster. Tangazo lilisema 2015. Nikaingiza kwenye kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, kikanipa uchakavu, yaani ushuru wa gari kuukuu, wa asilimia 15, nikajipanga kwa hesabu hiyo. Meli imeshafika Dar, BL (hati ya mzigo wa meli) iko kwa wakala wa forodha, na leo asubuhi kanipigia kwamba makadirio yametoka na uchakavu ni 30, eti gari ni la 2014. Anataka nitume tofauti leo leo kabla tozo ya kuhifadhi haijaanza kuhesabika. Nimemwomba karatasi, kanitumia picha ya kompyuta iliyokatwa juu na chini.

Naomba kujua: naweza kupinga? Na kama naweza, barua anaandika nani, mimi niliyelipa au mama ambaye TIN yake (namba ya mlipakodi) ndiyo iko kwenye TANSAD, ile hati ya forodha?

Deo (Hamburg):

Pole dada Zuhura. TRA wanahesabu tangu mwaka wa kutengenezwa. Wauzaji wengi wa Japan wanatangaza mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Gari lililotoka kiwandani Novemba 2014 likasajiliwa Januari 2015, kule litaitwa la 2015, Dar litaitwa la 2014. Miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, ikizidi 10 ni 30. Kwa mwaka 2025, gari la 2014 limeangukia upande mbaya wa mstari.

Na maumivu hayaishii kwenye hiyo 15 ya nyongeza. Uchakavu unapigwa juu ya CIF (bei ya gari, bima na usafiri mpaka bandarini) pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu VAT ya 18 inapita juu ya vyote. Kwa kila 100 ya CIF, nyongeza inakuwa kama 22. Pima anachokudai wakala kwa hesabu hiyo. Kikizidi, muulize kilichozidi ni cha nani.

Baba Jose (Muscat):

Deo, CIF ipi? Ungemalizia sentensi. Siyo ile ya invoisi yake. TRA wana thamani zao kwenye mfumo kwa kila modeli na mwaka, na mwaka ukibadilika thamani nayo inaweza kubadilika. Ukimpa mwenzetu hesabu nusu ataenda kugombana na wakala bure.

Zuhura, usitume hela kwenye simu ya mtu. Kodi ya serikali inalipwa kwa control number. Mwambie akutumie hiyo namba, uone kiasi na jina la mlipaji, ndipo ulipe. Nilipomwagizia mzee wangu Toyota Noah, wakala mmoja, simtaji, alikuwa ananiandikia bili kwa WhatsApp: kodi, bandari, TBS, "usumbufu". Nilipodai control number, kile kipengele cha usumbufu kikayeyuka, na kodi yenyewe ikashuka. Mzee akaambiwa mwanao ana maneno mengi. Sawa tu, gari lilitoka.

Mama Neema (Houston):

Mimi nauliza jambo ambalo hamlisemi. Kwa nini NCP110 kwa mama wa Lushoto? Ile ina giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Fundi wa kona anaijua IST ya zamani, NCP60, yenye otomatiki ya gia nne, anaifungua hata usiku. Sasa hii CVT akija kuimwagia ATF, oili ya kawaida ya otomatiki aliyoizoea, giaboksi inakufa polepole, nanyi mtaambiwa gari lilikuja bovu. Dada yangu Korogwe limemkuta hilo hilo. Gari la mzazi unachagua kwa kumwangalia fundi aliye karibu naye, siyo kwa picha za kwenye tovuti.

Deo (Hamburg):

Mama Neema, kwa heshima zote, NCP60 ya mwisho kutengenezwa ni ya 2007. Unamshauri amnunulie mama yake gari la miaka 18? Uchakavu ni 30 tu hapo, hakuna kuponea.

Mama Neema (Houston):

Kwani sasa analipa ngapi? Si hiyo hiyo 30? Tena sijasema aiagize. Zimejaa Dar na Tanga, zina kadi tayari, fundi anaikagua mama akiwa amesimama pale pale, asipoipenda anaondoka. Wewe Deo ukiwa Hamburg unanunua picha.

Hamisi (Nagoya):

Salaam. Niko kwenye minada huku, nichangie kidogo.

Zuhura, kabla ya kubishana na mtu, pata ushahidi wako mwenyewe. Mpate kijana unayemwamini Dar. Gari likishafikika, avute mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho kabisa. Kule chini, karibu na unapofungwa kwenye bodi, kuna kilebo kidogo kilichoshonwa, mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa. Akipige picha. Kisha afanye hivyo hivyo kwa mkanda wa abiria, maana mmoja ukiwa umebadilishwa miaka itapishana. Aangalie na tairi: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2611 ni wiki ya 26 ya 2011. Hizo hazithibitishi umri wa gari, ila mama asishuke na tairi kuukuu kutoka Lushoto mpaka Mombo. Zile kona mnazijua.

Na wote mnaoagiza, ombeni karatasi ya mnada, msikubali maelezo ya muuzaji peke yake. Alama ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Picha hazitakuonyesha hilo.

Kuhusu CVT, Mama Neema ana hoja. Lakini dawa yake ni oili sahihi. Zuhura anunue makopo ya oili ya CVT, yakae nyumbani kwa mama, fundi asipewe nafasi ya kuchagua.

Rehema (Birmingham):

Mimi kwa mzazi mwenye magoti ningechukua Toyota Raum, ile iliyotoka 2003. Upande wa kushoto mlango wa nyuma unateleza na katikati hakuna nguzo, ukifungua yote miwili ni uwazi mmoja mpana. Mama anageuka, anakaa, anaingiza miguu. Bibi yetu alikuwa anainuliwa na watu wawili kuingia kwenye gari. Tulipopata Raum akaanza kuingia mwenyewe, akawa anakataa kushikwa mkono.

Kama lazima gari la sasa na kodi nafuu, kuna Vitz ya lita moja, KSP130. Injini ni 996cc, na isiyozidi 1000cc ushuru wa bidhaa ni sifuri.

Baba Jose (Muscat):

Vitz ya lita moja kupanda Soni na watu wanne na gunia la viazi? Rehema, umewahi kuipanda ile barabara?

Rehema (Birmingham):

Nimezaliwa Soni, kaka. Mama ndiye atakayepanda, na dereva mmoja. Magunia yana magari yake.

Mama Neema (Houston):

Jamani Soni! Mmenikumbusha plamu na pea za pale njiani, ukungu umekaa barabarani saa nne asubuhi na dereva hajali. Huku joto limetufungia ndani. Watoto wangu nikiwaambia Tanzania kuna mahali unavaa sweta mchana hawaamini. Mwaka juzi nilitaka kiwanja kule kwa jina langu, nikakwama kwa sababu nilishachukua uraia wa huku. Sheria ya Uraia ya 1995 ukijiandikisha kwingine imekuvua. Kenya waliruhusu uraia pacha kwenye Katiba yao ya 2010. Sisi hela tunazotuma zinapokelewa kwa mikono miwili, wenyewe tunaambiwa ni wageni.

Deo (Hamburg):

Hilo ndilo linaloniuma. Kila ujumbe wa viongozi ukija Ulaya tunaitwa ukumbini, tunaitwa mabalozi wa nchi, tunauliza uraia pacha, tunajibiwa suala linafanyiwa kazi. Mtu anashindwa kuandika gari kwa jina lake, anaandika la mama, mama akifariki mali inaingia mirathi na wajomba.

Baba Jose (Muscat):

Deo, usichanganye. Gari mgeni anaruhusiwa kumiliki, ardhi ndiyo ina masharti yake. Ukisema uongo hapa watu wataogopa bila sababu.

Deo (Hamburg):

Sijasema haruhusiwi. Soma tena.

Zuhura (Leicester):

Asanteni sana wote. Kaka Hamisi, binamu yangu ameenda, kilebo cha mkanda kinasoma 2014, pande zote mbili. Control number imekuja na kiasi ni pungufu ya alichodai wakala, kwa hiyo Baba Jose Mungu akubariki. Oili ya CVT nanunua leo.

Ila bado naomba kujua la barua. Thamani waliyoweka kwenye TANSAD ni kubwa kuliko ya kikokotoo hata nikiingiza 2014. Nataka waipitie upya. Anasaini nani?

Baba Jose (Muscat):

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki, kifungu cha 229, inakupa siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba kamishna aupitie, kwa maandishi na sababu. Usizichezee hizo siku.

Zuhura (Leicester):

Sawa kaka, kwa jina langu au la mama?

Rehema (Birmingham):

Hamisi, hizo Raum bado zinapita mnadani? Shangazi yangu Muheza ametengenezwa nyonga, na nina hela ya gari moja tu.

Hamisi (Nagoya):

Zinapita, ila chache. Za mwisho ni za 2011, uchakavu wake ni 30, hesabu hilo mapema. Niambie bajeti, na kama shangazi anakaa mbele au nyuma.